Maji ya Kumwogeshea Daon

Wapo watu wanaokaa mahali miaka mingi huku mguu mmoja uko nje. Sunim alikuwa mmoja wao, wala hakuwa peke yake. Mtaa mzima wa maghorofa ya Eunseong, kule mjini Bucheon, uliishi hivyo.

Alihamia pale na mumewe wakati mtoto wao wa pekee, Taesop, anaanza kutambaa. Jengo la ghorofa tano, ngazi za saruji, lifti hakuna. Maghorofa hayo hayakufika hata miaka kumi na mitano maneno yakaanza: yatabomolewa, yainuliwe mengine marefu yenye bustani na maegesho chini ya ardhi, na kila mwenye nyumba apewe mpya. Tangu siku hiyo hakuna aliyepigilia msumari ukutani. Wa nini? Karatasi ya ukutani ikibanduka, mtu aliipachika kwa uji wa unga. Dirisha likigoma kufunga, alisokomeza gazeti. "Mwakani tunahama," waliambiana kwenye ngazi, na mwakani wakaambiana tena.

Mumewe Sunim, ambaye mtaa ulimwita Baba Taesop, alikuwa dereva wa gari la mikate. Nyuma ya kalenda kuukuu aliichora nyumba yao mpya, vyumba vyote, akaweka alama pale ambapo angeketi jioni akitazama mlima. Alichagua hata upande wa kuwekea majivu ya sigara. Akaumwa mapafu, akafa, mwaka wa kumi na tano wa kusubiri. Sasa ulikuwa wa ishirini na moja, na Sunim alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Mabomba ya maji ya nyumba ile yalikuwa ya chuma, yamezikwa sakafuni tangu siku ya kwanza. Asubuhi ukifungua koki, maji yalitoka na rangi ya chai ya shayiri, ile wanayokunywa wao badala ya maji matupu. Baba Taesop alikuwa akitania, "Njooni, chai imeiva bila moto." Walicheka, wakaacha maji yatiririke mpaka yatakate kidogo, wakaosha mchele. Kulalamika kwa nini, wakati mwakani wanahama?

Basi Sunim angeendelea hivyohivyo kama si Daon.

Daon alizaliwa mwanzoni mwa Novemba, mtoto wa Taesop na mkewe Seulgi. Katikati ya Desemba walimleta kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, amefungwa mablanketi hata pua haionekani. Sunim alikuwa ameamka mapema kuliko jogoo. Aliwasha mabomba ya sakafuni yanayopasha nyumba joto, akafunga chujio jipya kwenye bomba la kuogea, akaacha maji yakimbie kwa muda mrefu, akanunua beseni jeupe la mtoto.

Sasa, huyu Seulgi alifanya kazi katika karakana ya meno bandia. Kazi yake ilikuwa kulinganisha jino jipya na meno mengine ya mtu, na macho yake yalitofautisha weupe wa aina kumi na sita. Alisimama mlangoni mwa bafu. Akatazama maji ndani ya beseni jeupe. Kisha akatazama chujio, lililofungwa asubuhi hiyohiyo, limekwisha kuwa na rangi ya kahawia kama mchuzi wa soya.

"Mama," alisema kwa upole, "leo tumfute tu. Ana mafua kidogo."

Akatoa mkobani chupa mbili za maji ya dukani, akayapasha, akamfuta mtoto kwa kitambaa laini kuanzia shingoni hadi vidoleni. Daon hakuwa na mafua. Sunim alijua, Seulgi alijua kwamba Sunim anajua, na wote wawili wakamsifia mtoto mashavu yake.

Wiki moja baadaye Taesop alipiga simu.

"Mama, Seulgi anarudi kazini Machi."

"Vizuri. Karakana yake si hapa kwetu, dakika kumi kwa miguu? Amlete Daon kwangu asubuhi. Mchana aje amnyonyeshe, ale na chakula cha moto, arudi kazini."

Taesop tangu utotoni, akiwa na jambo zito, hujikuna sikio. Sunim alisikia kucha zikikwaruza simu.

"Mama yake Seulgi anasema atamchukua," Taesop alisema mwishowe. "Kule kwake, Jinju. Sisi tutakuwa tunakwenda Jumamosi."

"Jinju? Si ni safari ya saa nne hiyo! Na maziwa ya mama yake?"

"Atapewa ya kopo. Mama, si kwamba Seulgi hapendi... Mtoto ana vipele. Daktari kasema ngozi yake nyepesi."

"Ni maji," Sunim alisema.

"Sijasema maji."

"Nimesema mimi."

Alipokata simu alikaa jikoni na mikono imelala mapajani. Aliwahi kuwa msichana wa kiwanda cha mawigi, akishona nywele za watu asiowajua mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu akapika miaka ishirini na mitatu katika jiko la shule, akalisha watoto wa wenzake mia tano kila mchana. Wa kwake alimfungia ndani na ufunguo shingoni, ajipakulie wali baridi mwenyewe. Hakuna siku aliyowahi kukaa mchana kutwa na mtoto mchanga mgongoni bila kuwahi mahali. Hilo ndilo alilokuwa akilitamani, si jingine. Tena alilitamani kwa njaa aliyoionea haya mwenyewe, kama mtu mzima anayelilia peremende.

Kesho yake akaenda kwa Fundi Pyo.

Fundi Pyo alikuwa na kibanda kando ya soko, kimejaa koki na spana, naye alikuwa mtu wa maneno mengi aliyewahi kutandaza mabomba katika jangwa la Libya ujanani. Alikuja, akavua viatu mlangoni, akagonga ukuta wa bafu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Bibi, haya si mabomba tena. Ni mishipa ya mzee mvuta sigara."

"Nilikuwa naye mmoja. Alikufa. Sema yanatibika?"

"Hayatibiki, tunayaacha yalale humohumo sakafuni. Sakafu sivunji, mna mabomba ya kupasha joto humo, nikitoboa moja utalala kwenye barafu. Bomba jipya linaanzia hapa kwenye mita, linapanda darini, linashuka ukutani hadi kwenye koki." Akachomoa kipande cha bomba jeupe la plastiki, akakipinda kama mtu anayepinda muwa mchanga, kikapinda bila kuvunjika. "Kila koki na bomba lake, kipande kimoja mwanzo hadi mwisho, hakuna kiungio cha kuvuja. Tena linapita ndani ya ala. Siku ukilichoka unalichomoa kama upanga, unaingiza jingine, hata kigae kimoja hakivunjiki."

"Linakaa miaka mingapi?"

"Hamsini."

Sunim akacheka mpaka akashika meza. "Jengo lenyewe halina hamsini!"

"Basi ukihama ondoka nalo, bibi. Si unaona linakunjika?"

Bomba kubwa la jengo, lile lipandalo ghorofa hadi ghorofa, lilikuwa limebadilishwa zamani. Ya ndani ni juu ya mwenye nyumba. Kikwazo kilikuwa kimoja. Kule huwezi kuwasha drili nyumbani kwako bila saini za majirani wa ngazi yako. Unapita mlango kwa mlango na karatasi, unaomba radhi mapema kwa kelele, unaacha kitu kidogo mkononi. Mwaka mpya ulipoingia Sunim alinunua machenza, akayafunga mifukoni, akapanda na kushuka na goti lake bovu. Saini saba zikapatikana siku hiyohiyo. Ya nane ilikuwa ya Mama Kyuri, wa chini yake, katibu wa kamati ya kubomoa.

"Dada, umepatwa na nini?" Mama Kyuri alisema akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wakaguzi wanakuja mwezi huu! Tumewaomba miaka minane waje watuandikie kwamba jengo ni hatari, bila hivyo hakuna ruhusa ya kubomoa. Wanataka kuona kutu, wanataka kuona nyufa. Wewe unataka waone nini, chemchemi?"

"Walete kwako. Kutu yako inatosha jengo zima."

Mama Kyuri akacheka bila kutaka. "Yangu ningeweza kuiuza ng'ambo. Lakini sikiliza. Mmoja akitengeneza bomba, wa pili atabadilisha dirisha, wa tatu atapaka rangi, mwisho tutaambiwa jengo bado bichi. Baba Taesop angekuwepo angekukataza. Nani alikuwa wa kwanza kutia saini ile karatasi ya kubomoa? Si yeye?"

"Ni yeye."

"Basi."

"Mama Kyuri, alisubiri mpaka akachoka, akajiendea. Mimi nikisubiri, huyu mtoto atakuja kunitambulishia mchumba." Alitaka sauti iwe ya utani, ikamsaliti katikati. "Wanampeleka Jinju. Machi. Atajifunza kusema 'bibi' akimtazama mtu mwingine."

Mama Kyuri akaangalia mfuko wa machenza. Binti yake Kyuri alikuwa Kanada mwaka wa tisa.

"Wajukuu wangu wako wawili," alisema taratibu. "Nawaona kwenye simu. Mkubwa hunisalimia kwa Kiingereza, mimi namjibu 'ndiyo, ndiyo', sijui nakubali nini." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Lakini chuma hicho usikitoe hadharani. Kitie kwenye magunia ya kabichi."

"Januari hii nani ana kabichi?"

"Sema zimeoza."

Kazi ikachukua siku tatu. Fundi Pyo alifunga koki kuu, akapanda ngazi, nusu ya mwili wake ikapotelea darini. Ikawa Sunim anazungumza na miguu. Bomba jeupe lilipita juu likikwaruzakwaruza, kama panya mwenye adabu. Siku ya pili fundi alikata kipande cha chuma kilichokuwa wazi chini ya sinki, akakielekeza dirishani.

"Chungulia, bibi."

Sunim akachungulia. Kutu ilikuwa imeota ndani, safu juu ya safu, mafundomafundo ya rangi ya damu iliyokauka. Tundu lililobaki katikati lingepitisha kijiti kimoja cha kulia chakula, viwili visingepita. Ndiyo maana beseni lilijaa polepole. Baba Taesop alikuwa akirudi jioni na unga kwenye mikunjo ya vidole, anasimama hapa kunawa, anangoja maji yamfikie, anasema, "Maji ya kwetu yana adabu, hayaji mbio." Sunim, akiwa na usingizi na sare ya jiko la shule mwilini, alikuwa akimhimiza, ondoka bwana, nioshe vyombo. Miaka yote ile alimhimiza aondoke pale.

Akageuka kumwita mumewe aje aone. Mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha akaufunga, akamrudishia fundi kile kipande, akasema gunia liko mlangoni.

Siku ya tatu, saa nane mchana, maji yakaja. Koki ilitema hewa, ikakohoa, ikatoa maji meupe kama ya kuoshea mchele, mara yakatulia. Sunim akajaza beseni jeupe la mtoto, akalibeba mpaka dirishani, akainama.

"Fundi, una macho mazuri? Njoo uniambie, ni rangi gani?"

"Hayana rangi, bibi. Maji hayana rangi."

"Kwenu labda. Hapa yalikuwa nayo."

Siku ya mia ya Daon iliangukia Jumamosi ya katikati ya Februari. Mtoto akifikisha siku mia, huko kwao hupikwa keki nyeupe ya mchele, ikagawiwa kwa watu, na alfajiri mwanamke wa nyumba humwekea Bibi Samshin, mlinzi wa watoto wachanga, wali, mchuzi wa mwani na bakuli la maji safi. Ijumaa Sunim alitoka sokoni na unga wa mchele, akiwa amemsikia Taesop kwenye simu akisema, "Seulgi amekubali tuje kwako, Mama. Anataka kuona." Kuona nini hakusema, wala Sunim hakuuliza.

Alipofika langoni akakuta watu. Mama Kyuri alikuwa juu ya ngazi, anafunga kamba, analia na kucheka kwa pamoja. Bango refu jekundu lilikuwa limetandwa kutoka nguzo hadi nguzo: HONGERA WAKAZI WA EUNSEONG! MAJENGO YETU YAMETHIBITISHWA KUWA HATARI!

"Dada!" Mama Kyuri alipiga kelele. "Tumefaulu! Tumefeli!"

Wazee waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa maegesho wakashikana mikono. Mtu akamtia Sunim keki mdomoni. Miaka ishirini na moja alikuwa amewaza siku hii. Aliwaza atalia, atakimbia kaburini kumwambia mumewe. Sasa alisimama na unga wake, akitazama herufi zile kubwa, na alichokiona ni kigari cha mtoto kikipita chini yake kesho asubuhi.

"Mama Kyuri," alisema, "lishushe mpaka Jumapili. Siku moja tu."

"Bango la miaka ishirini na moja nilishushe?"

Sunim hakumlaumu.

Alfajiri aliweka wali, mchuzi na bakuli la maji kwenye kona ya chumba, akasugua viganja, akaomba. Miaka na miaka, akiomba siku ya kuzaliwa ya Taesop, maji ya bakuli hilo aliyanunua dukani. Leo aliyakinga kwenye koki yake.

Saa nne wakafika. Taesop aliingia anacheka, "Mama, umeona bango? Baba angekunywa mpaka aanguke!" Seulgi aliingia nyuma yake na Daon kifuani, hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akala kipande cha keki, akasifu mchuzi. Kisha akamkabidhi Taesop mtoto, akaenda bafuni peke yake.

Sunim alisikia koki ikifunguliwa. Maji yakashuka kwa nguvu kwenye beseni, yakajaa upesi. Yakamwagwa. Yakajazwa tena. Chujio Sunim alikuwa amelitoa kwa makusudi, asionekane anaficha kitu. Taesop akaanza kujikuna sikio.

"Mama," Seulgi aliita. "Njoo naye. Mwogeshe."

Kwa hiyo Sunim akapiga magoti, goti zima na goti bovu, akamtia Daon majini, kiganja kimoja chini ya shingo. Mtoto alikaza mwili wote, akashtuka, halafu akalegea. Akapiga teke, maji yakamrukia bibi usoni. Shingo ilikuwa na mikunjo mitatu na katika kila mkunjo Sunim alipitisha kidole, taratibu, kama anayesoma. Nywele zote zile alizowashonea watu wa mbali hazikuwahi kuwa laini kama hizi za Daon. Alisahau kwamba Seulgi amesimama juu yake.

"Mama," Seulgi alisema, "naomba uniambie kweli. Unataka jengo hili lianguke?"

"Si kuanguka," Taesop alidakia kutoka mlangoni. "Hiyo ni karatasi tu! Tangu karatasi hiyo hadi siku ya kubomoa ni miaka kumi. Daon atakuwa mrefu kuliko friji."

"Nimemuuliza Mama. Nimwache mtoto wangu kila siku mahali ambapo watu wanashangilia kwamba pana hatari? Nataka kujua mwenye nyumba anashangilia nini."

Sunim alimwinua mtoto, akamfunga taulo, akamkumbatia kabla ya kujibu, maana aliogopa kwamba baada ya kujibu hatapewa nafasi.

"Nimelitaka, mwanangu," alisema. "Miaka ishirini na moja. Baba yenu alilitaka zaidi. Lakini jana walipofunga lile bango, nilitaka wote waende zao. Niliomba lishushwe wakakataa." Akamfuta Daon nyuma ya sikio. "Ukisema Jinju, nitasema sawa. Ila sitaki mwende mkidhani bado nangoja nyumba. Fundi nilimwita kwa ajili ya huyu. Nikiambiwa kesho nihame, nitasema ngojeni, kuna mtoto amelala."

Taesop alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Seulgi alimchukua mtoto, akamvisha, akambeba mpaka sebuleni, akamnyonyesha kwenye sakafu yenye joto akiwa ameegemea ukuta uliobanduka karatasi.

Waliondoka saa tisa. Sunim aliwasindikiza hadi langoni, chini ya bango, akapunga mkono mpaka gari likakata kona. Alipopanda ngazi zote na kuingia bafuni kumwaga maji, akaona, chini ya sinki, pakiti nzima ya nepi, haijafunguliwa, na juu yake mafuta ya vipele ya Daon na taulo moja dogo lililokunjwa vizuri. Si vitu vya kusahaulika. Mtu alivipanga vimngoje Daon.

Akainua simu ampigie Seulgi, akaiweka. Akainua taulo, akalinusa, likawa linanukia sabuni tu, halijamgusa mtoto bado. Machi iko siku kumi na sita mbele. Ile miaka ishirini na moja aliisubiri akipika, akifua, akipiga porojo kwenye ngazi, hata hakuhisi ikipita. Hizi siku kumi na sita alizitazama na hakujua aanzie wapi kuzisubiri. Akakaa chini papo hapo, kwenye kigae chenye maji, na taulo mapajani.